Ndururu Isiyo na Tundu

Gatitu,
Machi 9, 1972

Kwa ndugu yangu Mutahi, fundi wa Kianyaga,

Salamu kwanza, hasira baadaye, ndivyo Mama alivyotulea. Natumai uko mzima na nyundo haijakula kidole. Huku Mama kikohozi kimempungua, na mimi nazidi kupendeza, uliza wasichana wa Ruring'u.

Sasa nisikilize. Unaikumbuka ile ndururu, senti tano ya Mwingereza, aliyoachiwa Mama na mama yake, ile iliyotoka kwa mashine bila tundu katikati kama zingine. Mama alisema iuzwe, nirudi Form Two. Krismasi ukaja kutengeneza mabati juu ya kitanda chake. Washa, vile visahani vya kuzuia maji kwenye misumari, zikaisha, ukaweka ndururu kuukuu chini ya vichwa vya misumari kama watu wote. Halafu ukasema, uso mkavu kabisa, ati ile ya Mama nayo umeitoboa kwa msumari bila kuangalia, iko huko juu na zingine. Mama akasema basi, angalau itamzuilia mvua. Mimi nikakuita mjinga. Nilikosea.

Juma lililopita nilipeleka mbuzi wa jirani yetu Kingori kwa Mzee Garad, mnunuzi wa mifugo kule Nanyuki. Yeye huweka pesa za ajabu kwenye mkebe, huwauzia Wazungu. Nilipomsimulia habari ya ndururu yetu, akaniambia hata ikiwa imetobolewa bado ina bei, nimletee. Akanifundisha kuitambua, na mimi nikifundishwa mara moja inatosha. Tundu la mashine ni laini, lina ukingo ulioinuka kulizunguka. La msumari huchanika na kusukuma chuma nyuma.

Jumamosi nilipanda, Mama akishika ngazi. Nikang'oa kila msumari uliopigilia, nikatazama kila ndururu. Mutahi, zote zina tundu la mashine. Hakuna hata moja iliyochanika. Hukutoboa kitu. Uliitia mfukoni ukaenda nayo Kianyaga, ukaniacha nabeba viazi sokoni, wenzangu wakipita na vitabu.

Na si hiyo inayoniuma zaidi. Kila jioni Mama hulala akitazama ule msumari uliomwonyesha, akisema pesa ya mama yake inamlinda. Nilipoteremka aliniuliza kama nimeiona. Nikamwambia nimeiona, imekaa vizuri. Uongo huo ni wako. Mimi nimekushikia tu, na mkono umechoka.

Kwa hivyo njoo Pasaka. Kama bado uko nayo, ilete. Kama umeiuza, utamwambia Mama kwa mdomo wako. Usipokuja, nitazing'oa ndururu zote tena nizimwage mapajani mwake, nimfundishe kutazama matundu kama Garad alivyonifundisha.

Msalimie shemeji Wachuka, yeye hana kosa. Mama naye anakusalimu sana. Anasema mvua ya jana haikuingia hata tone, na kweli una mkono mzuri. Misumari hiyo niliirudishia mimi.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Wamae