Mzizi Niliouonea Huruma

Anaeli mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, goti limetulia, na ng'ombe amezaa jike.

Unauliza uuhamishe lini mti wako mdogo wa chunguni na kuupunguza mizizi. Fanya hivyo masika yakikaribia, kabla haujachipua. Mzizi mrefu ukate, usiuonee huruma.

Mimi niliuonea. Wakati wa Mwingereza nilipanda kahawa yangu ya kwanza, miche sitini, kwenye kipande cha mteremkoni alichoniachia kaka yangu. Mama aliniambia nikate ncha za mizizi. Nikamjibu, "Mama, unamkata mtoto mguu halafu unamwambia atembee?" Nikaikunja mpaka ikaenea shimoni. Mwaka wa tatu miti arobaini ilikuwa ya njano, nikamshtaki kaka kwa wazee kwamba amenipa ardhi mbovu.

Wazee wakaja shambani. Kaka akang'oa mti mmoja, ukatoka kwa mkono mmoja, mzizi umepinda kama ndoana.

"Mdogo wangu," akasema, "huu nao umekunjwa na ardhi?"

Wazee walicheka. Yeye hakucheka. Alinipa ule mti nishike, akaenda zake. Masika yaliyofuata akaniletea miche kutoka kwake, mizizi ameshaikata.

Sehemu nzuri ya shamba la baba aliichukua yeye, na hilo nalisema hata leo. Ila kila nikilisema, sauti inanipungua.

Babu yako wa mteremkoni