Kiganja cha Baba Ukutani

Jumanne, 4 Machi

Baba kanituma gereji. Pikipiki yake iko huko tangu wiki iliyopita. "Kamuulize fundi kafikia wapi. Yeye anajua." Anajua nini? Hakusema. Aliikazia macho redio, kana kwamba ndiyo iliyomuuliza.

Nilitegemea oili na ubishi wa mpira. Vipo. Lakini humo hakuna pikipiki mbili zinazofanana! Moja ina magurudumu matatu. Nyingine imepandishwa kiti mpaka nikajiuliza mwenye nayo anapanda kwa ngazi au vipi. Fundi akaniita binti wa Mwalimu kabla sijajitambulisha — "pua ile ile!" — wenzake wakacheka. Anasema yeye ni fundi cherehani tu, ila kitambaa chake chuma. Mtu anapimwa, chombo kinakatwa kimkae.

Kisha akanionyesha ukuta. Vipande vya maboksi, na juu yake viganja vya wateja, vimechorwa kwa kalamu kuzunguka vidole, kila kimoja na tarehe. Vya Baba vitatu. Vyote mkono wa kushoto. Cha miaka minne iliyopita kimetanuka vizuri. Cha mwaka jana, vidole viwili vya mwisho vimejikunja. Cha mwezi uliopita — sijui nisemeje. Kama ameshika kikombe ambacho hakipo.

"Nilimwambia anyooshe," fundi alisema. "Akanijibu, ndiyo nimenyoosha hivyo."

Nakula meza moja na mtu huyu kila siku!

Jumatano, 5 Machi

Jana sikuandika yote. Naona haya.

Klachi ni kile kichuma cha kushoto kinachobanwa kwa vidole kila unapobadili gia. Fundi ameshailegeza mara mbili ili Baba aiweze. Sasa Baba anataka ihamishiwe kulia, kando ya breki, mkono mmoja ufanye yote. Fundi alimwambia inawezekana, ila hagusi kitu mpaka mtu wa nyumbani ajue.

Akaniuliza: "Nyumbani mnajua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kwa nini? Nilikuwa bado natazama ukuta. Nilimaanisha nimesikia. Au niliona aibu kuwa binti asiyejua. Sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemchunguza mchana kutwa. Kikombe, kulia. Ufunguo, kulia. Kushoto mfukoni. Mama humtania siku zote: "Bwana mkubwa na mkono wake mfukoni, utadhani ana kiwanda!" Leo kamtania tena. Baba akacheka. Mimi pia nikacheka — hilo ndilo linalonikera.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi gereji kusema sikuruhusu. Nimechelewa. Kazi imekwisha, pikipiki imefutwa inang'aa.

"Binti, nilikuuliza mbele ya watu."

"Sikukuelewa."

"Basi kaeleweshane na mzee. Mimi nimeiendesha mwenyewe, iko sawa. Ila akishuka mlima, kona ikiwa kali na breki na klachi vyote vinamtaka kwa pamoja..." Akaupapasa mkono wake wa kulia.

Njiani likanijia jambo. Baba alilijua sharti la fundi. Angeweza kwenda mwenyewe, aseme uongo wake mwenyewe. Kanituma mimi. Alitaka nijue? Au alitegemea nitanyamaza, kama kawaida yangu? Mtu anaweza kutaka yote mawili?

Jumamosi, 8 Machi

Baba kairudisha pikipiki mwenyewe. Tumekutana mlangoni.

"Fundi kasemaje?"

"Kasema anakujua."

Akautia mkono wa kushoto mfukoni. Kisha: "Usimtie mama yako wasiwasi." Basi! Si ndiyo, si hapana. Na mimi — elimu yote hii — nikasema "haya, Baba."

Jumapili, 9 Machi. Asubuhi

Wanakwenda kwa mama mdogo, ng'ambo ya mlima. Mama nyuma, kama siku zote. Kona kumi na moja kwenda chini, nimezihesabu kichwani tangu nilipoamka. Nilimfuata jikoni nimwambie. Alikuwa anaimba. Nikamuuliza, Mama, hamwezi kupanda basi? Akashangaa: "Niache kumkumbatia baba yako bure, nikalipie kubanwa na watu nisiowajua?" Akaninyunyizia maji usoni.

Kama anajua na anaficha, basi ni hodari kuliko sisi sote. Kama hajui —

Nikimwambia, namvua Baba nguo mbele ya mkewe. Nisipomwambia...

Wako uani. Injini inaunguruma. Mama amesahau miwani. Bila miwani haendi hata dukani. Ameniita mara mbili. Sasa Baba naye: "Mwanangu, mletee mama yako miwani, jua linapanda!"

Mama: "Wewe! Unaitafuta au unaitengeneza?"

Nimejibu naitafuta. Imo mkononi mwangu.