Kichwa ya Ngolo na Karatasi ya Tonton

Kampala, siku ya mvua

Papa yangu mupenzi,

Mutoto yako Dieumerci anakusalimia, ule ulisema hataweza kupanga hata maharagi kwa sahani. Leo anapanga vichwa vya watu wa kila nchi. Mugongo inasemaje? Mama anasema mvua ikinyesha bado inakusumbua. Na macho? Ukisoma hii barua wewe mwenyewe, bila kumupa mutu akusomee, nitajua macho iko muzima. Mimi niko muzuri, ninanenepa upande wa mashavu, na hapa kwa saloni wateja wananingojea mimi hata viti vingine viko wazi. Siongeze chumvi. Bon, kidogo.

Nimeandika kwa karatasi sababu najua sauti za telefoni hausikilize, unasema ni upepo. Mama mumoja muchuuzi wa vitenge anapita Bunia mupaka Kisangani, njo atakuletea. Makosa utakuta humu, tafadhali usiyapigie mustari mwekundu. Najua tabia yako.

Papa, wiki hii mwanafunzi yako mumoja wa zamani alikuja kunyolewa. Alikimbilia huku kutafuta kazi. Alisikia namna naongea, akauliza, "Petit, wewe ni mutu wa Kisangani?"

Nikajibu, "Kabondo. Kwa ile nyumba yenye ramani kubwa kwa ukuta."

Aligeuza kichwa haraka, kidogo nimukate sikio. "Wewe ni mutoto ya Prof?"

"Njo mimi. Ule hakumaliza masomo. Lakini njo mimi muzuri kuliko wote."

Ile siku nilimunyoa polepole sana, sababu alinielezea mambo nyinyi pale nyumbani mulinificha. Alisema uliwapeleka wanafunzi upande wa Yangambi, kuangalia ile barabara yenye mukubwa wa serikali alikata kamba yake mbele ya kamera. Kwa ramani mupya barabara iko, mustari munene kama mukono. Kwa udongo mulikuta miti, na mama mumoja anakausha mihogo pale pale mustari ilipaswa kupita. Ukawaambia, "Andikeni kitu munaona. Musiongeze, musipunguze." Wakaandika: miti.

Alafu siku ya cours, ukiwa unafundisha, mutu hakuna anayemujua akakaa nyuma kabisa ya auditoire, chumba ya masomo, anakurekodi na telefoni. Na wewe Papa, badala ya kuogopa, ukamuita, "Mon frère, njoo hapa mbele. Kule nyuma telefoni yako haitasikia vizuri, na wakubwa watafikiri nimesema mabaya kuliko yale nimesema."

Mteja alicheka mupaka nikasimamisha mashine. Mimi pia. Alafu akaacha kucheka.

"Wiki ilifuata, cours ya Prof wakapatia mutu mwingine. Sisi wakatuambia Prof iko mugonjwa."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Kila asubuhi alikuwa anapita mbele ya mulango ya auditoire, na sanduku ya chaki mukononi."

Nilimupaka poda kwa shingo, nikamuambia leo halipi.

Hapo njo nilielewa sauti ya Mama yenye ilikuwa imefika kwa telefoni yangu. Anasema Tonton Célestin, ndugu yake ule wa kazi ya ofisi kule campus, amekuletea karatasi. Motion de soutien, maneno ya kumuunga mukono mukubwa. Siku ya kufungua mwaka ya masomo, mukubwa atakuja, na wewe utasimama mbele ya watu wote, umushukuru juu ya ile barabara. Wanataka wewe, sababu muji muzima inajua sauti yako haizungumuze bure. Ukisoma, cours inarudi na mushahara yenye imekwama inatoka. Usiposoma, hauingie tena darasa. Mama akalia kidogo, akasema, "Dieumerci, wewe njo baba yako anasikia. Mubembeleze asome. Ni karatasi tu."

Mimi na wewe tunajua sababu gani alinichagua. Ni juu ya kichwa ya ngolo, ule samaki wa ndevu.

Unakumbuka? Kila dimanche, siku ya Mungu, Mama alikuwa anatoa lituma, ndizi za kupondwa, ingali na moshi, na ngolo ndani ya mafuta ya ngazi, mawese. Wewe unaweka kichwa kwa sahani katikati ya meza, unasema neno moja kubwa, alafu unauliza, "Nani anapinga?" Mutoto atakayepinga na sababu ya kweli, kichwa iko yake. Yaya Solange, dada yangu mukubwa, analeta sababu za vitabu. Mimi naleta za kichwa yangu mwenyewe, na nakula. Ile siku ulisema ramani ikipimwa vizuri haiwezi kudanganya, nilikuwa mudogo, kidevu inafika kwa meza. Nikasema, "Papa, ramani yako haionyeshe nyumba yetu. Donc sisi tunakaa wapi?"

Ulicheka mupaka miwani ikaanguka ndani ya lituma. Ukanisukumia sahani. Tonton alikasirika: "Mutoto anapinga baba yake mezani, na wewe unamulipa?" Wewe ukamujibu, "Célestin, kama anaogopa kunipinga mimi mwenye kumupenda, kesho atamupinga nani?"

Hapa Kampala kichwa ya samaki nanunua mwenyewe. Hakuna mutu ananipinga. Haina utamu. Siku ingine nakula nimefumba macho, nasikia kabisa baiskeli za toleka zinapiga kengele mbele ya kiwanja yetu, na Mama anagombeza bata.

Lakini Mama alinituma, na mimi ni mutoto wa kutii, usicheke. Nilikaa kwa kiti ya wateja, nikakupinga ndani ya mawazo, na nguvu yangu yote. Nikasema: Papa, karatasi ni karatasi, soma, urudie chaki yako. Nikakusikia unajibu: na ule mama wa mihogo, nimuhamishe wapi? Nikasema: watu wote watajua wamekulazimisha. Ukajibu: na wanafunzi wangu walioandika miti, niwaambie walikuwa na homa? Nikasema: Mama amechoka. Hapo ukanisukumia sahani. Ile njo sababu ya kweli, ya kula kichwa.

Basi ile ya Mama uiache juu yangu. Hii mikono haikupenda kalamu, lakini mashine inaipenda. Nitatuma pesa, sahani yenu haitabaki wazi. Zingine zote, Papa, umenishinda.

Mama, Papa akikusomea hapa, usinikasirikie. Nilibembeleza kweli. Dimanche hii pika ngolo, na kichwa usiweke katikati. Weka mbele yake. Tangu tuzaliwe yeye anagawa tu, hata shavu hajawahi kuonja.

Munisalimie Yaya Solange, na mumuambie diplome yake bado haijanifikia kwa hesabu ya vichwa vya ngolo. Munisalimie koko, ule bibi jirani wa mikate, nadai ule wa mwisho aliahidi. Na Tonton Célestin pia, musimufungie mulango. Yeye analeta karatasi sababu na yeye anaogopa, na nyumbani kwake hakuna mutu aliwahi kumupinga. Mumuite akule nanyi. Lituma mumupe mingi, supu mumupe. Kichwa asiguse.

Mimi mutoto yako,
Dieumerci, bingwa wa vichwa vya ngolo, aliyeshindwa leo mara ya kwanza na akafurahi.