Droni ya Harusi Kwenye Njia ya Ndege

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Muleba, Jumatatu tarehe 16 Juni 2025, saa 3:10 asubuhi

Jina: Benigna Kokugonza Rwekaza
Umri: Miaka 47
Kabila: Mhaya
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mwongoza ndege, Kiwanja cha Ndege cha Rwabigere
Makazi: Ijumbi

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nina miaka kumi na tisa katika kazi ya kuongoza ndege kwa redio. Kiwanja chetu ni kidogo, hakina rada. Nina dirisha, darubini na redio moja. Jana kanisani nilisikia watu wakisema hili ni jambo dogo limekuzwa. Si dogo. Nina hasira, na afande Najibu ameniambia niseme tu, yeye ataandika.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 nilikuwa zamu peke yangu. Saa 9:31 alasiri aliniita rubani wa ndege ya abiria kutoka Mwanza, ikiwa na watu thelathini na wanane pamoja na wahudumu. Nilimruhusu ashuke kwa upande wa ziwa. Nyuma yake ilikuja ndege ndogo ya kukodi, rubani Anwari na abiria wanne. Huyu nilimwambia azunguke juu ya ziwa, kusini, asubiri mwenzake atue.

Saa 9:39, ndege ya abiria ikiwa inakaribia ufukwe, niliona kitu cheusi kinapanda mbele yake. Nikachukua darubini. Ilikuwa droni. Chini yake, nje ya uzio, niliona shela, wasimamizi na matarumbeta. Siku hizi huku kwetu harusi haijatimia mpaka maharusi wapigwe picha ndege ikitua nyuma yao. Ujinga mtupu.

Rubani aliacha kutua, akaongeza nguvu ya injini, akakata kusini kuikwepa droni. Kusini ndiko nilikomweka Anwari. Wote wawili wakabonyeza redio kwa wakati mmoja. Redio yetu wakisema wawili pamoja humsikii hata mmoja, unasikia mlio tu, na wao hawakusikii wewe. Mlio ule ulichukua sekunde kumi na moja, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Naona ndege mbili zinaelekeana, nami siwezi kusema neno. Ulipokatika nikasema, "Anwari, shuka, pinda kulia sasa hivi." Akapinda. Baadaye aliniambia alisoma namba za mkiani mwa mwenzake bila taabu. Alipotua alikaa chini kwenye lami, akaomba maji.

Zote zilitua salama, ya mwisho saa 9:58. Nilikwenda ufukweni kwa miguu. Wale watu walikuwa wanacheka. Mpiga picha, Buberwa, ambaye ninamfahamu, alikuwa anawaonyesha video. Bibi harusi, Lilian, alinipungia mkono. Nilimuuliza Buberwa kama anajua ameponea chupuchupu kuua watu arobaini na watatu. Akanijibu, "Mama, si haijagusa?" Nilitamani kumzaba kibao. Sikumzaba.

Jana baada ya ibada alikuja nyumbani kaka yangu Mwijage, mwenyekiti wa kamati ya harusi hiyo. Bwana harusi ni mtoto wa dada yetu. Alikuja na mkungu wa ndizi. Akasema, "Benigna, waitu, ndugu yangu, waambie polisi alikuwa korongo. Harusi ya mtoto wetu isigeuke kesi." Nilimwambia korongo hana taa nyekundu tumboni. Akasema damu nzito kuliko maji. Nikamuuliza, kwani waliokuwa kwenye ndege wana maji mishipani? Aliondoka na mkungu wake.

Afande ameniuliza Buberwa alijuaje dakika ya kurusha droni, wakati siku hiyo ndege ilichelewa karibu saa nzima. Swali hili nimeliogopa tangu Jumamosi. Walijua kwa sababu niliwaambia mimi. Saa 8:50 kaka alinitumia ujumbe kuuliza ndege itatua saa ngapi, nikamjibu, "9:40." Nikaongeza, "Sogeeni karibu na uzio, mtapata picha nzuri." Droni hakuitaja, nami sikuuliza. Nilidhani ni kamera za mkononi. Miaka kumi na tisa nafundisha vijana kwamba kazi hii haina kudhani. Huo ujinga niliousema hapo juu, na mimi nimo.

Nimesomewa yote haya na ni maneno yangu. Hiyo sehemu ya mwisho isifutwe.

Sahihi ya shahidi: B. K. Rwekaza

Maelezo ya askari: Nimemweleza shahidi kwamba sehemu ya mwisho inaweza kutumika dhidi yake. Amesema anajua. Ujumbe wa saa 8:50 na majibu yake nimeviona. Ameiacha simu kituoni iwe kielelezo, bila kuombwa.

Koplo Najibu, saa 4:25 asubuhi