Jogoo Aliyeangusha Mukia

Mujukuu wangu Neema,

Huku Kimanga tuko salama. Mama yako, homa imemuacha, na ziwa limerudi nyuma, halifiki tena kwa nyumba. Unaniuliza kama umuchinje jogoo wako wa mukia murefu, sababu manyoya yote ya mukia imeanguka na mashindano ya mikia iko karibu. Hapana, weye!

Wakati minye niko binti, jogoo wangu alikuwa anafagia uwanja na mukia wake. Maonyesho ya parokia ilipokaribia, akauangusha wote. Mama akasema ni ugonjwa, ataambukiza wengine, akatia maji kwa moto ya kumunyonyoa. Nikamukumbatia nikilia, na kidole yangu ikagusa miiba midogo pale nyuma. Ilikuwa manyoya mapya.

"Mama, inaota!"

Akagusa, akacheka mpaka machozi yakamutoka. Maji ile nikaoga nayo.

Basi mushike kwanza, umupapase. Ukisikia miiba, umupe samaki wadogo wa ndagala, umungojee.

Maonyesho ile ilitupita. Kwa ile iliyofuata, jogoo alifika mbele ya waamuzi, mukia ukiwa bado kwa mulango.

Minye tate wako, mama ya mama yako