Nilitaja Jina la Mwalimu Wangu

Jumatatu, Likoni. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa tatu, na sasa jua limetoka kali kana kwamba halina habari. Nimefunga mlango wa mbele ingawa ni mchana. Leo sitaki mgeni.

Wanaopita kwenye ukurasa huu wamezoea kunisoma nikilalamikia maji ya mfereji na magoti yangu. Leo nina jambo jingine. Nimelificha tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, na sasa nina sitini na mitatu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa opareta wa simu, kule mjini. Enzi hizo mtu akitaka kupiga simu ya mbali, Nairobi au Tanga, lazima apitie kwetu. Tunapokea, tunaunga waya, tunamwambia haya, zungumza. Watu wakiisifu sauti yangu. Niliipenda kazi ile, sitaki kusema uongo.

Nyuma ya ukumbi wetu palikuwa na chumba kidogo, na ndani yake mtu mmoja mwenye shati jeupe. Jina lake hatukuambiwa. Alitupa orodha ya namba. Namba yoyote ya orodha ile ikipiga au ikipigiwa, tuunge waya wa pili uingie kwake, naye asikilize. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza.

Siku moja ikaita namba ya duka la vitambaa la hapahapa Likoni, lililokuwa kwenye orodha. Nikaunga waya zote mbili. Aliyezungumza hakuwa mwenye duka. Simu ilipokwisha, yule mtu akatoka chumbani mwake akaniuliza kama naijua sauti ile.

Sauti ile ilinisomesha hesabu na Kiswahili darasa la saba.

"Huyo ni Mwalimu Salim," nikamwambia. "Ndiye aliyenisomesha."

Nilisema kwa fahari. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Sikulazimishwa wala sikutishwa. Ningesema sijui, angerudi chumbani mwake, kwani opareta atazijua vipi sauti zote za Mombasa?

Siku ya tatu Mwalimu akachukuliwa darasani, mbele ya wanafunzi wake. Alikaa ndani miezi kumi na moja. Mamake akafa yeye akiwa huko, akazikwa bila ya yeye. Alipotoka hakurudishiwa kazi. Akawa anasomesha watoto wa watu barazani kwake, mwenye chochote ampe, asiye nacho asome tu.

Sikumwambia mtu. Hata marehemu mume wangu alikwenda bila kujua.

Vyama vingi viliporuhusiwa, Mwalimu akafungua tawi la chama hapa kwetu. Nilikuwa katika wa mwanzo kuchukua kadi. Watu wakadhani napenda siasa. Wallahi sikuwa nikiipenda. Nilikuwa nikitafuta toba, na pale ndipo nilipoiona karibu. Nimetembea Mtongwe, nimetembea Timbwani na Shika Adabu, mlango kwa mlango, uchaguzi baada ya uchaguzi. Tukishindwa nalia, kisha tunaanza upya. Na kila mlango niliwaambia kina mama jambo moja: chama chetu kikishika serikali, hakuna atakayetegeshewa sikio kwenye simu yake tena. Lilikuwa kwenye ilani. Nimelisoma kwa sauti, miwani puani, mara nisizoweza kuzihesabu.

Safari hii kikashika.

Na mwezi uliopita wabunge wa chama chetu wakapitisha sheria. Afisa wa serikali ataweza kusikiliza simu ya mtu na kusoma jumbe zake bila kwenda kwanza kwa hakimu. Asikilize kwanza, sababu ataiandika baadaye. Mbunge wetu alisema ndiyo. Habari ilinikuta na ungo mapajani, nikichagua mchele. Nikaumaliza, nikaurudia uleule kuuchagua, bila kujijua.

Nikajiambia, tungoje. Mwalimu ndiye mwenyekiti wa tawi, na hakuna alijuaye jambo hili mwilini mwake kama yeye. Atasema.

Jumamosi tukaitwa mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mwalimu ana miaka sabini na sita lakini sauti ni ileile. Alianza, kama ada yake, na kisa cha hotuba aliyoitoa zamani mbele ya walimu wenzake, hotuba kali, ambayo ndiyo iliyomfungisha. Kisa hiki kila mwanachama anakijua. Kisha akasema sheria hii ni njema, nchi ina maadui, na tusisahau kwamba leo wanaosikiliza ni watu wetu. Asiye na lake, akasema, hana la kuogopa.

Watu wakapiga makofi. Kina mama niliowaingiza mimi chamani nao walipiga, huku wakinitazama kuona kama napiga.

Nikasimama.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile walipokuchukua, wewe ulikuwa na lako?"

Mwalimu alinitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani nikikosea hesabu nyepesi. Akanambia kwa upole nikae, wakati wa maswali utafika. Haukufika. Tuligawiwa soda na mikate ya mayai, tukaambiwa tusisahau kuwasalimia wa nyumbani.

Usingizi ulinikataa, na asubuhi niliamka nikijua kwamba swali lile halikuwa haki yangu kuliuliza. Nilimuuliza kama mtu asiyehusika.

Kwa hiyo jana, baada ya sala ya alasiri, nikaenda kwake. Mkewe, Bi Zuhura, alinikaribisha kwa uchangamfu, akatuwekea kahawa na kashata, akarudi jikoni. Nilimpa Mwalimu shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa vyema akanambia hana kinyongo na mimi kwa yale ya Jumamosi. Alidhani nimekuja kuomba radhi.

Nikamwambia yote. Chumba cha nyuma, orodha, waya wa pili. Swali nililoulizwa na jibu nililolitoa. Nilimwambia pia kwamba nililitoa kwa fahari, maana kama nimeamua kusema, nisichague.

Aliweka kikombe chini. Niliyatazama mazulia nikingoja kufukuzwa.

"Nilisema nini?" akaniuliza.

Sikumfahamu.

"Kwenye simu ile. Wewe ulikuwa wasikia. Nilisema nini?"

Kule ndani, akanieleza, walimuuliza juu ya marafiki zake, vitabu vyake, na walimu wenzake. Hakuna aliyemwambia ameletwa pale kwa neno gani. Mtu hawezi kuishi bila kujua, kwa hivyo akajipa jibu mwenyewe: ni ile hotuba.

Mimi nalijua neno lenyewe. Sijapata kulisahau. Alikuwa akizungumza na nduguye wa Tanga. Alimuuliza kama mzigo uko tayari. Nduguye akasema uko tayari, utakuja na lori Ijumaa. Mwalimu akamwambia usishushwe dukani, uletwe moja kwa moja nyumbani kiza kikishaingia, hataki watu wauone. Yule mtu wa shati jeupe alipotoka kuniuliza, alishika karatasi aliyoandika hayo, ameyapigia mstari. Bila shaka aliona mzigo ule ni makaratasi ya kuipinga serikali.

Mwalimu akakisogeza kikombe pembeni.

"Lilikuwa godoro," akasema.

Godoro la sufi, la mamake. Mama alikuwa mgonjwa, hawezi tena kujizuia, na godoro la kwanza lilikuwa limeharibika. Nduguye alikuwa akijua fundi mzuri kule Tanga. Hakutaka majirani walione likiingia wakaanza kuuliza lile la zamani limekuwaje. Mamake alikuwa mwanamke mwenye heshima zake. Wanawake wa mtaa mzima wakija kwake kwa ushauri.

"Jumamosi uliniuliza kama nilikuwa na langu," akanambia. "Nilikuwa nalo. Nilikuwa namsitiri mamangu."

Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa akiutazama ukuta ambapo chama kilimtundikia picha na maandishi ya kumsifu kwa hotuba yake, na hapo ndipo nilipofahamu nililomfanyia mara ya pili. Karibu miaka arobaini mzee huyu amekuwa akijua kwamba alifungwa kwa ushujaa. Juu ya hilo amejenga tawi, na heshima, na uzee wake. Mimi nimekuja na kahawa yake mkononi nikamwambia alifungwa kwa godoro, na kwa mwanafunzi aliyemsomesha mwenyewe.

Je, nilikwenda kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Nimejiuliza tangu jana.

Nilikuwa nimekwenda na kadi yangu ya chama. Niliitoa mkobani nikaiweka mezani, karibu na sahani ya kashata. Hakuigusa wala hakunirudishia. Nikaaga.

Nilipofika mlangoni akaniita. Hakuniita kwa hasira, na ingekuwa afadhali.

"Sijakusamehe, Mwanamisi. Sijui kama nitaweza. Lakini liandike. Liandike kama lilivyokuwa, na haya niliyoyasema mimi Jumamosi usiyaache. Nitampelekea Mheshimiwa mbunge kwa mkono wangu."

Nikamuuliza, na lile la mama je? Akasema liwekwe, bila hilo hawatafahamu. Hapa kwenye ukurasa nimembadilisha jina lake na la mkewe. Kwenye karatasi atakayoichukua, majina yote ni ya kweli, langu likiwa la kwanza.

Nimeandika tangu asubuhi. Kurasa nne, mwandiko wangu si mbaya. Nimeandika kwamba mtu akisikilizwa, kinachosikika si uovu wake peke yake. Husikika na maradhi ya mamake, na ugomvi wa nyumbani, na aibu alizopewa kuzichunga. Nimeandika kwamba mimi najua, kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa waya, na kwamba mtu wa upande ule hasikii kinachosemwa. Husikia anachokitafuta. Sikuandika matusi. Nimemwita Mheshimiwa kwa cheo chake.

Simtarajii kubadilika. Atamkaribisha Mwalimu kiti, atapiga naye picha, karatasi itaingia kwenye faili. Nimeishi katika siasa muda mrefu, najua faili zinakokwenda. Uchaguzi ujao sijui nitampa nani kura yangu, na ni mara ya kwanza kutojua. Wale wa upinzani walipiga kelele bungeni, lakini hata wao wakiingia watakikuta chumba kile kiko tayari, na kiti bado kina joto.

Ninalolijua ni hili. Ile milango niliyoibisha hodi na ilani mkononi, nitairudia. Mtongwe, Timbwani, kote. Nitawaambia kina mama kwamba nililowaahidi halikuwa, na kwamba ahadi ile niliitoa mimi, si chama tu. Baadhi yao watanifungia. Magoti yakikataa nitapumzika, kisha nitaendelea.

Mwalimu alisema atapita kesho asubuhi kuichukua karatasi. Jana nilimuomba nimsindikize kwa Mheshimiwa. Alitikisa kichwa.

"Bado," akasema.

Nimeshinda na neno hilo leo kutwa, nikiligeuza huku na huku. Kukicha nitakaa mlangoni na bahasha yangu. Akitaka kuipokea bila kunitolea salamu, nitampa kwa mikono miwili, na nitamwacha apite.