Masikio ya Diwani

4 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepoa. Sisi wazima. Wajukuu wako bado wanasimama mbele ya kioo kujaribu kuchezesha masikio kama ulivyofanya ulipokuja. Wanaishia kukunja nyuso kama waliolamba ndimu.

Naandika kwa sababu simu hazitufai. Nikiuliza kama umekula dawa, unanijibu kwamba mvua imenyesha. Mara tatu nimekupangia nafasi hapa kliniki ninapopima watu masikio, na mara tatu kiti kimebaki kitupu. Unakaa chumbani, unavaa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Hakuna sindano. Unaendesha mkokoteni wa punda kwenye barabara ya malori, Baba. Nakungoja Jumanne, tarehe 20.

Mwanao.

12 Februari

Marahaba, mama.

Mgongo upo, haujanisahau. Wape wajukuu salamu, waambie nyuso waziache, wakaze nyuma ya kichwa.

Umeanza tena na masikio yangu. Mwaka wa ishirini na sita huu nabeba matofali kutoka tanurini, na sijaguswa hata na baiskeli. Wa kushukuriwa ni Diwani. Unajua tulivyompa jina: punda huyu akisimama, hoja zote zimesimama. Lori likija nyuma, kabla halijafika kwenye kona, masikio yake yote mawili yanageuka. Pikipiki ni sikio moja, la upande inakotokea. Akiyalaza kabisa amekasirika, na hapo mimi nashuka. Nikiona yamegeuka navuta kamba, tunakaa pembeni. Mashine yenu inajua hayo?

Halafu masikio yaliyokufa yanachezaje? Waulize wanao walivyocheka mezani.

Tarehe 20 tuna mzigo. Sitakuja.

Baba yako.

21 Februari

Baba, shikamoo.

Hujambo? Kiti kilibaki kitupu, sina haja ya kukuambia.

Kwa hasira nilimpelekea daktari wetu swali lako, yanachezaje. Akasema kila binadamu ana misuli midogo kuzunguka sikio, juu na nyuma. Punda na paka wanayo mingi yenye nguvu, ndiyo maana wanageuza sikio kama dishi la televisheni. Kwetu imebaki dhaifu. Wengi hatuwezi kuiamrisha, wachache kama wewe wanaweza. Lakini akaongeza jambo. Mtu anapohangaika kusikia, misuli hiyo hujikaza yenyewe, bila yeye kujua. Kwa wengi hata huoni kitu.

Kwako inaonekana. Nimeikumbuka ile meza. Feni inavuma, redio ya jirani, watoto wanaongea wote kwa mpigo. Masikio yako yalivutika nyuma tangu tulipokaa mpaka tuliponawa. Sisi tukacheka. Ulipoona tunacheka, nawe ukacheka.

Baba, ulikuwa unatuchekesha, au ulikuwa unatutafuta?

Jibu hilo moja tu. Usiniletee Diwani.

Mwanao.

16 Machi

Baba, shikamoo.

Wiki ya nne sina jibu, na simu hupokei. Kama nimekukosea, nigombeze. Kununa kwa umri huo ni kazi ya watoto, na hapa nyumbani ninao wa kutosha.

Mwanao.

2 Aprili

Marahaba mama, mara mbili, kwa barua zote mbili.

Herufi zimelewa kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika, unapona.

Barua yako ya Februari nilikabidhiwa na karani wa tanuri tukiwa tunatoka. Nikaifungua juu ya mkokoteni. Miaka yote hiyo sijawahi kusoma njiani, macho yangu kazi yake ni masikio ya Diwani. Siku hiyo yalikuwa kwenye karatasi. Nilifika pale ulipoandika ile meza, nikarudia kusoma. Watu wanasema lori lilipiga honi tangu kwenye kona. Sikusikia kitu. Diwani alisikia, akajitupa mtaroni bila kuningoja, yeye na matofali na mimi. Lori likaondoka na gurudumu la nyuma la mkokoteni. Punda hana hata mchubuko.

Usianze kujilaumu. Barua haikuniziba masikio, iliyakuta hivyo.

Mwenye tanuri amempa Diwani dereva mwingine mpaka nilete karatasi kwamba nasikia. Huyo anamchapa kila akivuta kwenda pembeni, eti ana ukaidi. Nikamwambia, "Tazama masikio, anakuonyesha lori." Alichojibu sikukisikia. Karani akaniandikia kiganjani mwake: Mzee, punda hawezi kunifundisha barabara. Basi nasimama getini kila asubuhi, naona masikio yote mawili yamegeuka nyuma, na fimbo inashuka.

Sasa swali lako. Pale mezani sikushika hata neno. Niliona midomo tu. Mlipocheka nikashukuru, nikajua angalau kuna jambo moja nimelipatia.

Nakuja Jumanne, basi la saa nne. Nitakaa humo chumbani mpaka uchoke wewe. Stendi usiniite kwa nyuma. Zunguka, uje mbele.

Baba yako.